Kamera ya Mkanda Iliyotolewa Mchango: Kuipima, Kuipangia Bei na Kuiuza Mtandaoni

Kamera za mkanda, zile za filamu za kabla ya dijitali, zimerudi sokoni kwa kishindo. Kampuni ya Leica ya Ujerumani ilianza tena kutengeneza kamera yake ya M6 mwaka 2022, na mwezi Juni 2024 Ricoh, wenye jina la Pentax, wakatoa kamera mpya kabisa ya mkanda, Pentax 17, kwa bei inayokaribia dola 500. Nyuma ya hizo mpya kuna soko kubwa la kamera kuukuu ambalo wauzaji wake wengi hawajui walichoshika. Ndiyo maana kamera ambayo mzee fulani ameitoa kabatini na kuileta ofisini kwenu, "mtaona cha kufanya nayo", inaweza kulipia kodi ya ukumbi ya mwezi. Inaweza pia isilipe hata gharama ya kuipeleka posta.

Mwongozo huu ni kwa wanaouza kitu ambacho si chao binafsi: chama, parokia, msikiti, shule, maktaba, jumuiya ya Waswahili huko Uingereza, Marekani au Ghuba. Ukiuza chako ukapunjwa, umepunjika peke yako. Cha mchango kikiuzwa bei ya kutupa, waliopunjwa ni wale ambao mchango ulitolewa kwa ajili yao, na maswali yatakuja kwenye mkutano.

Bei ya kamera kuukuu hutoka kwenye yale unayoweza kuyathibitisha kuhusu kamera hiyo. Umri wake haukusaidii sana, na jina maarufu husaidia nusu tu. Muda wako mwingi utumie kuikagua. Kupanga bei ni kazi ya jioni moja.

Kwanza: ni ya nani, na aliyeitoa alitaka nini?

Andikeni karatasi fupi siku ileile kamera inapopokewa: jina la mtoaji, tarehe, kamera gani, namba iliyochongwa kwenye mwili wake, na sentensi moja inayosema chama kinaruhusiwa kuiuza na fedha zitaenda wapi. Mtoaji atie sahihi. Kama kamera imeletwa na mjane au mtoto wa marehemu, ulizeni kwa upole kama ndugu wengine wanajua. Ugomvi wa mirathi ukizuka baada ya kamera kufika Osaka hakuna wa kuirudisha.

Huko ughaibuni kuna mambo mawili ya kodi ya kuzingatia. Marekani, barua ya shukrani ambayo shirika la hisani humpa mtoaji hueleza kitu kilichotolewa bila kutaja thamani yake. Kuthamini ni kazi ya mtoaji mwenyewe. Uingereza, shirika likitaka kudai Gift Aid, yaani nyongeza ya serikali juu ya mchango, kwa vitu, utaratibu ni kwamba linauza kama wakala wa mtoaji, linamjulisha kiasi kilichopatikana, naye anakubali kuziacha fedha hizo ziwe mchango. Kwa hiyo karatasi ile ya mwanzo inahitajika kabla ya kuuza, si baada.

Na jambo la aibu tuliseme wazi: mwenyekiti asijiuzie. Mwanachama akiitaka, alipe bei ya soko, na bei hiyo ijulikane na kila mtu kabla hajalipa.

Usifungue mgongo wa kamera bado

Kuna uwezekano mkubwa mkanda umo ndani. Kwenye kamera nyingi za milimita 35, kunjua kile kishikizo kidogo kilicho juu kushoto na ukizungushe taratibu kufuata mshale. Kikizunguka bure bila kukaza, huenda hamna kitu. Kikikaza, mkanda umo: bonyeza kitufe kidogo kilicho chini ya kamera, kisha zungusha mpaka usikie umelegea kabisa. Hapo ndipo unafungua.

Mkanda uliokutwa ndani ni mali ya familia, hata kama kamera imetolewa mchango. Mrudishieni mtoaji, au mwombeni ruhusa kuusafisha maabara ili picha zitoke. Picha za harusi ya mwaka 1984 zina thamani kwao kuliko kamera yenyewe. Kama mkanda umeandikwa Kodachrome, aina ya zamani ya mkanda wa rangi, rangi zake haziwezi tena kusafishwa popote. Maabara ya mwisho duniani, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, iliacha kupokea mikanda hiyo mwishoni mwa Desemba 2010. Ziko maabara zinazoweza kuusafisha ukatoa picha za rangi nyeusi na nyeupe tu.

Ijue kamera kwa jina lake kamili

Herufi moja hubadilisha bei. Canon AE-1 ya mwaka 1976 na AE-1 Program ya 1981 ni kamera mbili. Nikon FM na FM2 ni mbili pia. Pentax K1000 ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997. Zile za mwanzo zenye neno Asahi juu hupendwa zaidi kuliko za mwisho. Andika kila kitu kilichochongwa mbele, juu na chini, kisha fanya vivyo hivyo kwa lenzi: jina, urefu wake kwa milimita, na ile namba ya uwazi kama 1:1.8 au 1:1.4. Lenzi ya Canon ya milimita 50 yenye 1.8 ilikuja na karibu kila AE-1, na ndiyo maana ni rahisi, yenye 1.4 huongeza bei.

Wakati mwingine lenzi ndiyo mali na kamera ni kifungashio chake. Mfano mzuri ni Zenit-E ya Kirusi, ile nzito kama nyundo, iliyotengenezwa kwa mamilioni. Mwili wake hauna bei ya maana, lakini lenzi ya Helios 44-2 iliyofungwa mbele yake hutafutwa na wapiga picha wa kidijitali na hata wa video kwa sababu ya jinsi inavyozungusha mandhari ya nyuma. Ukiuza vyote kama "kamera ya zamani ya Urusi", mnunuzi mjanja ataichomoa lenzi na kukushukuru kimoyomoyo.

Kwa haraka, ramani ya soko ilivyo. Kamera za lenzi ya kubadilisha kutoka Japani za miaka ya 1970 na 1980 (Canon AE-1, Pentax K1000, Nikon FM2, Olympus OM-1, Minolta X-700) huuzika daima. Vikamera vya mfukoni vya plastiki vya miaka ya 1990 ndivyo vinavyowashangaza watu: Olympus mju II, ambayo Marekani iliitwa Stylus Epic, au Yashica T4, huonekana kama kitu cha kumpa mtoto achezee, na bado huuzwa kwa bei kubwa kuliko kamera nyingi za chuma. Contax T2 ya mwaka 1990 iko juu zaidi. Zile za kutazamia kwa juu zenye lenzi mbili, kama Yashica Mat-124G na Rolleiflex, ambazo wazee wengi wanazikumbuka kutoka studio, zina wanunuzi wao wa kudumu.

Upande wa pili wa ramani ni Kodak Brownie, Kodak Instamatic na nyingi za kukunja zenye ngozi nyeusi. Brownie ya kwanza iliuzwa dola 1 mwaka 1900, na kwa kuwa zilitengenezwa nyingi mno, umri wao haujazipandisha. Instamatic inataka mkanda wa aina ya 126 ambao kiwanda kimeacha kuutoa. Hizi ziuzeni kama mapambo, kadhaa kwa pamoja.

Ukishika Leica, simama. Ukishika Leica ya rangi ya dhahabu yenye nembo ya jeshi la Ujerumani la vita vya pili au ya Olimpiki ya Berlin, simama mara mbili: karibu zote ni Zorki au FED za Kisovieti zilizopakwa na kuchongwa upya. Leica ya kweli ipelekeni kwa muuzaji mtaalamu aitazame kabla hamjaandika tangazo lolote.

Na kama kamera ilitoka kwenye studio yenye historia, zungumzeni kwanza kabla ya kuuza. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ni mfano wa studio ambayo picha zake ni kumbukumbu ya mji mzima. Kamera ya studio ya namna hiyo, ikiwa na risiti au picha inayoonyesha ikitumika, ina mahali pake makumbusho au kwenye hifadhi ya nyaraka.

Ukaguzi

Hapa ndipo pesa zilipo, kwa hiyo usikimbie. Unahitaji tochi ya simu, kitambaa laini, pamba za masikio, betri mpya, na meza yenye mwanga.

Anza na betri. Kamera nyingi huitwa mbovu kwa sababu betri imekufa. AE-1 bila betri ya volti 6 (4LR44) haifyatuki kabisa. K1000 ni kinyume chake: shata, ule mlango wa ndani unaofunguka kupitisha mwanga, hufanya kazi bila betri, na kile kibetri kidogo cha LR44 ni cha kipima mwanga tu. LR44 utaipata kwa fundi saa yeyote. OM-1 na nyinginezo za zama zake zilitegemea betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haitengenezwi tena. Ukiweka ya kisasa ya volti 1.5, kipima mwanga kinaweza kusoma vibaya, na hilo liandikwe kwenye tangazo. Polaroid SX-70 na zile za 600 zina betri yao ndani ya pakiti ya karatasi za picha, kwa hiyo bila pakiti huwezi kuzipima.

Ukifungua chumba cha betri ukakuta unga mweupe au kijani, betri ilivuja. Pamba iliyoloweshwa siki kidogo huuondoa, kisha pangusa na kukausha. Tazama pia kifuniko: cha AE-1 huvunjika kwa urahisi, na wanunuzi hukiulizia.

Sasa shata. Fungua mgongo, elekeza kamera dirishani, na fyatua kwa kila mwendo, yaani muda ambao shata hukaa wazi, kuanzia sekunde 1 hadi ule wa kasi zaidi. Sekunde 1 isikike kama sekunde moja. Kila mwendo uwe mfupi kuliko uliotangulia. Kwenye mwendo wa kasi unapaswa kuona mweko wa mwanga. Usipoona, shata haifunguki ingawa inalia. Ukitaka uhakika zaidi, rekodi kwa simu kwenye video ya mwendo wa polepole. Usiguse mapazia ya shata kwa kidole hata yakiwa na vumbi. Kwa Zorki-4 na ndugu zake, vuta shata kwanza (kwa kuzungusha kisogeza mkanda) ndipo ubadilishe mwendo; ukibadilisha kabla unaweza kuharibu mitambo ya ndani.

Canon AE-1 na nyingine za ukoo wake zina ugonjwa unaojulikana: unapofyatua inatoa mlio mkali, kama inapiga chafya. Ni vilainishi vilivyokauka kwenye mitambo ya kioo. Hutengenezeka, na anayezijua kamera hizi ataliuliza kabla ya jambo lingine. Sema kama mlio upo au haupo.

Olympus Trip 35, iliyouzwa kuanzia 1967 hadi 1984, haina betri kabisa. Seli inayozunguka lenzi ndiyo inayopima mwanga. Kuipima ni raha: weka pete kwenye herufi A, funika lenzi kwa kiganja, bonyeza. Ikiwa seli ni hai, kiulimi chekundu hutokea kwenye tundu la kutazamia na kamera hukataa kufyatua.

Lenzi. Ifungue uwazi wote, washa tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Vumbi kidogo ni kawaida. Unachotafuta ni kuvu, inayoonekana kama utando wa buibui au mizizi myembamba. Kwa kamera zilizokaa Mombasa, Tanga, Lamu au Muscat, tegemea kuiona, maana unyevu wa pwani hauna huruma. Tazama pia ukungu wa jumla unaofanya kioo kionekane kama kimepuliziwa pumzi, na mikwaruzo. Kisha funga na kufungua tundu la mwanga: vile visahani vyembamba visogee papo hapo, visiwe na mafuta. Lenzi yenye rangi ya manjano ya chai, hasa Super Takumar ya milimita 50 yenye 1.4, ina madini ya thoriamu kwenye kioo. Ni tabia ya lenzi hiyo, na wengi huipunguza kwa kuianika kwenye mwanga wenye miali ya urujuanimno. Iandike, na usidai ni uchafu.

Mwisho gusa zile sponji nyeusi kwenye mifereji ya mgongo. Baada ya miaka 40 huwa zimeoza na kunata kama lami. Kubadilisha ni kazi rahisi, lakini kama hujawahi, ziache hivyo na useme. Kwa ujumla, usijifanye fundi kwenye mali ya mchango. Kupangusa nje, kusafisha chumba cha betri, basi.

Je, upige mkanda wa majaribio? Kama kamera inatarajiwa kuuzwa mara nne au zaidi ya gharama ya mkanda na kuusafisha, ndiyo, kwa sababu "imepigwa mkanda, picha hizi hapa" ndiyo sentensi yenye nguvu kuliko zote kwenye tangazo. Kwa Zenit, hapana. Kwa kikamera cha mfukoni cha umeme kama mju II, nashauri sana, kwa sababu kikifa hakuna vipuri na mnunuzi anajua hilo.

Bei: soma zilizouzwa, puuza zinazoombwa

Mtu yeyote anaweza kuomba dola 900 kwa Brownie. Tangazo lake litakaa hapo mpaka mwisho wa dunia. Kwenye mtandao wa mauzo wa eBay, tafuta jina kamili la kamera na lenzi, kisha kwenye vichujio chagua vitu vilivyouzwa. Hizo ndizo bei ambazo watu walitoa fedha mfukoni. Chukua zinazofanana na yako kwa hali na lenzi.

Jihadhari na lugha ya wauzaji wa Japani, ambao ni wengi sana kwenye soko hili. Wana ngazi zao za sifa ambapo karibu kila kitu ni "kama kipya", na maelezo ya chini ndiyo yanayotaja kuvu. Soma hadi mwisho. Bei yao pia mara nyingi inabeba sifa ya duka lenye maelfu ya mauzo, jambo ambalo chama chenu hakina.

Tuchukue namba za mfano. Umeona AE-1 saba zenye lenzi ya 50/1.8 zilizouzwa kwa dola 90, 105, 115, 120, 130, 140 na 230. Wastani wa kugawanya ni karibu 133, lakini huo umevutwa na ile ya 230, ambayo ukiisoma vizuri ilikuja na lenzi tatu na ilitoka kwa fundi. Tumia ile ya katikati, 120. Yako ina mlio na sponji zimeoza, mengine yote safi. Linganisha na zilizouzwa zenye kasoro hizo. Tuseme zinapungua kwa dola 15 hivi. Unafikia 105. Tangaza 118 na uruhusu watu watoe dau. Ukipata 105 kubali bila kujivuta.

Kisha piga hesabu ya kinachobaki mkononi, kwa kuwa hicho ndicho utakachowaambia wanachama. Mnunuzi analipa 105 na posta 15, jumla 120. Ada ya mtandao hukatwa kwenye jumla, posta ikiwemo. Kama ada ni asilimia 13, zinaondoka 15.60. Posta yenyewe 15, boksi na plastiki 3. Zimebaki 86.40. Uingereza, eBay iliondoa ada za mauzo kwa wauzaji binafsi mwezi Oktoba 2024, lakini aliyesajiliwa kama biashara bado analipa, kwa hiyo angalieni akaunti ni ya aina gani. Marekani na Uingereza kuna pia mpango wa eBay wa mashirika ya hisani, ambapo muuzaji anaweza kuelekeza kuanzia asilimia 10 hadi 100 ya mauzo kwa shirika lililosajiliwa. Kama chama chenu kimesajiliwa kisheria, jisajilini huko. Alama ya hisani kwenye tangazo huvuta baadhi ya wanunuzi.

Msipandishe bei kwa sababu fedha ni za yatima. Mnunuzi wa kamera ananunua kamera. Atakayetaka kuchangia atachangia.

Mnada au bei iliyopangwa? Kwa kamera ya kawaida, ambayo kila siku kuna nyingine kama hiyo sokoni, panga bei na kupokea madau. Mnada unafaa kwa kitu adimu kinachowindwa na watu kadhaa, au kwa furushi la vitu vidogovidogo vya mapambo. Ukifanya mnada, uishe Jumapili jioni kwa saa za wanunuzi wako, si saa zako.

Wapi pa kuuza

Kwa walio Ulaya, Marekani na Kanada jibu ni eBay kwa vitu vya thamani, na kwa Wajerumani Kleinanzeigen kwa kuuziana uso kwa uso. Dubai kuna Dubizzle. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kuna Jiji, Facebook na kurasa za Instagram za vijana wanaopiga picha za mkanda. Soko la nyumbani ni dogo lakini lina faida yake: hakuna forodha, na mnunuzi anaishika kamera kabla ya kulipa. Ukiwa Dar na kamera ni ya bei ya kati, mwanafunzi wa upigaji picha wa hapohapo atakulipa haraka kuliko mgeni wa mbali ukiondoa gharama za kutuma. Kwa Contax T2 au Rolleiflex nzuri, tafuteni mwanachama wenu aliye London au Toronto aiuze huko, kwa maandishi.

Picha na maneno ya tangazo

Piga picha kwenye kivuli chenye mwanga mwingi, kibarazani au karibu na dirisha, bila flashi, juu ya kitambaa cha rangi moja. Mbele, nyuma, juu, chini, ndani mgongo ukiwa wazi, chumba cha betri, lenzi ikichunguliwa dhidi ya mwanga, na namba ya mwili wa kamera ikisomeka. Hiyo namba ni kinga yenu: wako wanaonunua nzima na kudai kurudisha mbovu ya kwao. Kila mkwaruzo upige picha yake. Usichukue picha ya mtu mwingine mtandaoni, hata kama ni nzuri.

Kichwa cha tangazo kiwe na jina, modeli, lenzi na aina ya mkanda, bila "nadra sana" na alama za mshangao. Maelezo yaseme ulichofanya na ulichokiona. Mfano:

"Canon AE-1 ya milimita 35 pamoja na lenzi ya Canon FD 50mm 1:1.8. Imetolewa mchango kwa chama chetu na familia ya mmiliki wa kwanza. Betri mpya imewekwa. Shata inafyatuka kwa kila mwendo, kipima mwanga kinaitikia. Ina mlio wakati wa kufyatua. Sponji za mgongoni zimeoza na zinahitaji kubadilishwa. Lenzi ina vumbi dogo ndani, haina kuvu wala mikwaruzo. Tazama picha ya 7. Mkwaruzo mmoja chini. Hatujapiga mkanda. Betri haitatumwa."

Tafsiri kwa lugha ya wanunuzi wako. Ona kwamba haisemi "inafanya kazi vizuri", maana hilo hatulijui. Wala haisemi "haijajaribiwa" kwa ujumla, neno ambalo wanunuzi wazoefu hulisoma kama "mbovu, naogopa kusema". Atakayenunua baada ya kusoma hivyo hawezi kudai kuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mazungumzo na matapeli

"Mwisho bei gani?" ndilo swali la kwanza utakaloulizwa Jiji na Facebook, mara nyingi hata kabla ya salamu. Jibu kwa kutaja bei ya tangazo na kumkaribisha aje aione. Anayekuja hupunguziwa kidogo. Anayepatana kwa simu tu mara nyingi haji.

Kwa malipo ya M-Pesa, usiangalie ujumbe aliokuonyesha au uliodondoka kwenye simu. Ujumbe feki ni rahisi kutengeneza. Angalia salio. Kenya kuna pia mtindo wa kulipa, kuondoka na kitu, kisha kuomba muamala urudishwe kwa kudai ulitumwa kimakosa. Andikishianeni hati fupi ya mauziano yenye namba ya muamala na namba ya kamera, kisha nyote wawili mtie sahihi. Kutaneni mahali pa wazi, dukani kwa fundi au kwenye mgahawa.

Mtandaoni, anayekuomba muhamie WhatsApp na kulipana nje ya mtandao anataka kuwaondolea kinga. Anayelipa zaidi ya bei na kuomba chenji irudishwe ni tapeli, bila mjadala. Anayekuomba umsomee tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako anaiba akaunti yako.

Kufunga na kutuma

Fyatua shata ili isisafiri ikiwa imevutwa, kisha toa betri. Kama ni ya lithiamu, kama ile ya mju II, usiitume peke yake kwa ndege. Lenzi ifungwe kando ikiwa na vifuniko mbele na nyuma, na tundu la mwili wa kamera lizibwe. Kila kimoja kwenye mfuko wa plastiki, kisha nailoni ya mapovu ya hewa, kisha boksi dogo ndani ya boksi kubwa lenye nafasi ya sentimita 5 kila upande iliyojazwa karatasi. Kitikise: kikigonga, jaza tena.

Tuma kwa huduma yenye namba ya kufuatilia, na bima kama thamani inastahili. Kwenye fomu ya forodha andika bei halisi. Mnunuzi akikuomba uandike "zawadi, dola 10", kataa. Kifurushi kikipotea, hizo 10 ndizo utakazolipwa. Mwambieni mapema kuwa kodi ya kuingiza ni juu yake: Umoja wa Ulaya hutoza kodi ya ongezeko la thamani hata kwa vifurushi vidogo tangu Julai 2021, na Marekani iliondoa msamaha wa mizigo ya chini ya dola 800 tarehe 29 Agosti 2025.

Ikikaa bila kuuzika

Kwanza angalieni picha kuu ya tangazo kabla ya kugusa bei, kwa sababu picha ya giza hufukuza watu wengi kuliko dola 10. Kisha shusheni bei kidogo kidogo, mkilinganisha upya na zilizouzwa karibuni. Ikishindikana, tenganisheni: lenzi peke yake, mwili peke yake kama kipuri, mkoba na vichujio kama furushi. Iliyokufa kabisa bado hununuliwa na mafundi wanaotafuta skrubu na vioo vyake, mradi iandikwe waziwazi kuwa ni ya vipuri.

Fedha zikiingia

Msizitumie siku hiyo. Kwenye eBay mnunuzi ana siku 30 baada ya kupokea kudai kuwa kitu hakifanani na maelezo, na akishinda fedha hutolewa kwenye akaunti yenu. Ziandikeni kwenye daftari zikiwa na mstari wa ada na posta, ziacheni muda huo upite, ndipo ziende kwenye kazi iliyokusudiwa. Kisha mwandikieni mtoaji: kamera iliuzwa kiasi gani, kilibaki kiasi gani, na kimefanya nini. Wanaopewa barua ya namna hiyo mara nyingi hukumbuka kwamba kabatini kuna lenzi nyingine.